Beleshi, shimo, mtambo wa gesi au matete: maji ya bandani uyapeleke wapi?

Mwaka wa pili tangu nihamishie ng'ombe wangu 6 upande wa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, mama jirani alikuja asubuhi moja ya Februari na kikombe cha chai mkononi. Nilimkaribisha kiti akakataa. "Baba, hebu onja hii." Nikaonja. Haikuhitaji mtaalamu. Kisima chake kipo hatua 40 hivi kutoka kwenye shimo langu la kunyonya maji ya bandani, tena upande wa chini, na mvua ya juma zima ilikuwa imeshaviunganisha hivyo viwili.

Tangu siku hiyo nimezipitia karibu njia zote ambazo mfugaji wa huku kwetu anaweza kuelekezwa. Nyingine nimezijenga mwenyewe, nyingine nimekwenda kuzikagua kwa watu, Masasi, Newala na Nachingwea. Nazieleza hapa ili anayetaka kuchagua achague akijua anachokipata, na sitajifanya sina ninayoipendelea.

Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara haikuwa ya mifugo mingi. Ndorobo, wale nzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa, waliizuia miaka na miaka. Makundi makubwa yalianza kuonekana Lindi baada ya wafugaji kuondolewa kwenye mabonde ya Ihefu na Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, na ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani nao wakaongezeka mijini taratibu. Ndiyo maana fundi anayejua kujenga choo kizuri huku ni wa kupigia simu tu, lakini ukimuuliza maji ya banda anakujengea choo kilekile.

Ujue kwanza unachomwaga

Uchafu wa aina hii hupimwa kwa BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wataimaliza wakiula uchafu huo kwa siku 5. Majitaka ya kawaida ya nyumbani huwa na miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Maji ya kuoshea banda la ng'ombe wa maziwa hufika maelfu. Maziwa yenyewe ndiyo kiboko: lita 1 ina zaidi ya gramu 100, karibu sawa na uchafu wa watu wawili kwa siku nzima. Kijana anayemwaga mferejini maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele amekuongezea kazi kuliko yule aliyeosha sakafu.

Ng'ombe chotara wa kilo 300 hutoa BOD ya karibu nusu kilo kwa siku, mavi na mkojo pamoja. Ng'ombe 6 ni kilo 3. Zishike hizo kilo 3, tutazifuata hadi chini. Shika na namba nyingine: kiwango cha Tanzania cha maji yanayoruhusiwa kutiririshwa mtoni au bondeni ni BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita.

Shimo la kunyonya

Ni rahisi kuliko vyote. Unachimba, unajaza mawe, unafunika, unasahau. Shida ni kwamba shimo halisafishi kitu, linaficha. Nyuzi za majani na mavi huziba kuta zake ndani ya msimu mmoja au miwili, kisha mvua za Januari hadi Aprili zikija linapanda juu.

Pwani kuna ubaya wa ziada. Chini ya udongo mwembamba kuna jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango madogo, na maji hupita humo bila kuchujwa. Watu wengi wa ukanda huo bado wanategemea visima vifupi vilivyochimbwa kwenye jiwe hilohilo. Nitrogeni ya mkojo ikifika huko inageuka naitreti, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa sababu ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Shimo mimi nimelifuta. Nililonalo sasa ni la maji ya kunawia mikono, basi.

Beleshi na majani ya tembo

Hii haina picha nzuri ya kurusha mtandaoni, ila ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Unazoa mavi yangali magumu kabla mpira wa maji haujafunguliwa, unayapeleka kwenye lundo lililoezekwa makuti, na mkojo unauelekeza kwa mfereji wa saruji hadi kwenye majani ya tembo. Samadi ikiiva inaenda kwenye muhogo na mbogamboga.

Mwenye ng'ombe 1 hadi 4, au mbuzi, sioni kwa nini aende mbele ya hapa. Na juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa taabu tangu enzi za mababu, swali lenyewe halipo. Binamu yangu wa Newala alinisikiliza nikimweleza bwawa la matete kwa nusu saa nzima, halafu akauliza kwa upole, "Sasa hayo maji ya kuoshea banda nayatoa wapi, kaka?" Tukanywa chai.

Udhaifu wake ni mkono wa mtu. Sikukuu ya Idi kijana wako haji, lundo linakua, nzi wanafurahi. Na lundo lisilo na paa ni kazi bure: mvua ya kwanza kubwa inalikamua, maji meusi yanaondoka na nitrogeni uliyoihifadhi miezi mitatu.

Ukizoa vizuri, kinachobaki sakafuni cha kuoshwa nakikadiria kuwa kama moja ya tano. Zile kilo 3 zimekuwa gramu 600. Ukipitisha maji hayo kwenye chemba ya kutulizia, theluthi nyingine inazama, unabaki na gramu 400. Hizi ndizo hesabu za kwenda nazo kwenye matete.

Mtambo wa gesi

Watu huuziwa mtambo wa gesi kama dawa ya majitaka. Ule ni jiko. Tena jiko zuri sana: kilo 1 ya mavi mabichi ya ng'ombe hutoa lita 40 hivi za gesi, kwa hiyo kilo 30 kwa siku, ambazo ng'ombe wawili wa ndani wanazitoa, zinampikia mama wa nyumba milo ya kawaida bila mkaa. Muundo wa kuba la matofali ardhini umesambazwa nchini na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, na tangu mwaka 2009 kulikuwa na programu ya kitaifa ya kuwajengea wafugaji. Mafundi wapo.

Lakini angalia kinachotoka upande wa pili. Harufu imepungua, BOD imeshuka, ila nitrogeni iliyoingia karibu yote imetoka, sehemu kubwa ikiwa amonia. Ni mbolea kali. Ukiiachia ikashuka kisimani umemfanyia jirani jambo lilelile, kwa gharama kubwa zaidi.

Kinachonivutia ni kwamba mtambo unahitaji maji kiasi cha mavi, ndoo kwa ndoo. Maji ya kuoshea sakafu ndiyo hayo. Usichote mapya. Isipokuwa siku uliyoosha kwa dawa ya kuulia vijidudu, au umenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, au kuna aliyechomwa antibiotiki: ya siku hizo yaelekeze kando, la sivyo unaua wale vijidudu wanaokutengenezea gesi.

Mabwawa ya wazi

Haya nitayapita haraka. Yanafaa kwa mwenye nguruwe wengi, au machinjio, au shamba lenye eneo kubwa la ziada. Tope linazama, jua na vijidudu vinafanya kazi, unahesabu wiki badala ya siku. Yananuka, yanataka uzio kwa ajili ya watoto, na kwenye mchanga wetu yanavuja usipotandika udongo wa mfinyanzi au nailoni nzito ya bwawa la samaki. Mara nyingi bwawa huwa hatua ya kwanza na matete ya pili. Mjini Moshi wameyafuatanisha hivyo kwa majitaka ya mji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mpangilio huo kwa miaka.

Matete

Jina lake rasmi ni ardhi oevu ya kutengeneza. Wazo la kutumia mimea ya majini kusafisha majitaka lilianza kufanyiwa majaribio Ujerumani miaka ya 1950 na mwanamama Käthe Seidel, na kule Waterford, Ireland, kuna bonde la mto Anne ambako mashamba ya ng'ombe yanapitisha maji ya mabanda kwenye madimbwi ya mimea yaliyopangwa kufuatana kabla hayajafika mtoni. Kwa hiyo kwa mifugo limeshajaribiwa, japo kwenye baridi na mvua ya mwaka mzima. Hilo la mvua nitalirudia.

Matete yenyewe hayali uchafu mwingi kama wanavyosema kwenye video. Matete ni nyumba. Wapangaji ndio wanaofanya kazi. Vijidudu wamegandamana kwenye mashina, mizizi na mawe, maji yanapita polepole, wanakula. Vitu vizito vinazama. Nitrogeni inahitaji sehemu mbili, moja yenye hewa ambako amonia inageuzwa naitreti, na moja isiyo na hewa ambako naitreti inageuka gesi na kupaa. Fosforasi inanasa kwenye udongo na mawe hadi vishibe, na vikishiba ndiyo basi.

Ziko aina mbili zinazotuhusu. Kuna bwawa la matete, ambalo maji yanaonekana, kina cha sentimita 20 hadi 40, mimea imepandwa kwenye udongo wa chini. Na kuna kitalu cha kokoto, shimo la kina cha sentimita 50 au 60 lililojazwa kokoto, maji yanapita katikati ya mawe na juu pamekauka, unaweza kutembea na viatu.

Nilianza na kitalu cha kokoto, kwa sababu ya mbu. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoumizwa zaidi na malaria, na sikutaka kumtengenezea jirani tatizo la pili. Mwezi wa 14 maji yakaanza kutuama juu, mita mbili za mwanzo, kama dimbwi la barabarani. Nikachimba. Kokoto zilitoka nyeusi kama zimepakwa oili chafu, zinanuka yai viza, na katikati yake kulikuwa na uji wa kijivu uliojaa vipande vya majani ya ng'ombe vilivyokatwa vizuri kama ugoro. Ukiisugua kokoto moja kwa kidole gumba, jiwe jeupe linatokea chini. Tulifanya kazi hiyo siku nne, beleshi, ndoo, suuza, rudisha.

Kosa lilikuwa langu. Chemba ya kutulizia niliijenga ya ukubwa wa beseni mbili ili kubana matofali. Fundi aliniambia, "Mzee, hii haitazamisha kitu," nikamwambia ajenge tu. Sasa nina chemba mbili mfululizo, kila moja mita 1 kwa 1 kwa 1, na bomba la inchi 4 la kutokea lina tii inayotazama chini ili mafuta na nyuzi zinazoelea zibaki nyuma. Tope nalitoa kila baada ya wiki chache na kulipeleka kwenye lundo.

Kwa sababu hiyo, ukiniuliza kwa majitaka ya mifugo nitakwambia bwawa la maji ya juu ndilo linalosamehe. Kitalu cha kokoto kikiziba ni kukifumua. Bwawa likijaa tope unalikwangua. Na kuna suala la kokoto zenyewe.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 kwa maji ya mifugo ulikuwa bwawa lipokee kilo 73 za BOD kwa hekta kwa siku, yaani gramu 7.3 kwa kila mita ya mraba. Gawanya gramu zangu 400: mita za mraba 55. Lau ningeosha mavi yote kwa mpira bila kuzoa, kilo 3 zikipita chemba zingebaki kilo 2, na ningehitaji mita za mraba 274. Kiwanja kizima! Beleshi limenipunguzia eneo mara 5. Ile lita moja ya maziwa iliyomwagika, peke yake, inataka karibu mita 14.

Mita 55 za kokoto kwa kina cha nusu mita ni mita za ujazo 27 na nusu. Tipa linalobeba mita 5 litakwenda safari 6. Masasi hilo si tatizo, vilima vyao ni mwamba mtupu na kokoto zinagongwa kando ya barabara. Uwandani hakuna jiwe. Pwani utauziwa kokoto za matumbawe: chokaa yake inashika fosforasi vizuri, ila ni laini, inamomonyoka na unga wake unaziba haraka.

Sasa mvua. Banda langu linatoa lita 300 kwa siku. Kuanzia Juni hadi Novemba, bwawa lenye mimea linaweza kupoteza milimita 5 au 6 kwa siku kwa jua na majani. Kwa mita 55 hiyo ni lita 275 hadi 330. Maana yake Agosti na Septemba hakuna tone linalotoka mwisho, na mimea ya nyuma inanyauka kwa kiu wakati ya mbele inaogelea. Kisha Januari mvua ya milimita 50 inapiga siku moja, na lita 2,750 zinaingia kutoka juu, sawa na siku 9 za banda. Hapo sijahesabu maji ya paa. Wewe yahesabu: weka gata, yapeleke kwenye simtanki au njia yake, yasikanyage kabisa kwenye bwawa. Kingo ziwe juu ya maji kwa sentimita 30 angalau, na tokeo liwe na kiwiko cha bomba kinachogeuka, ili kiangazi ukiinue kuhifadhi maji na masika ukishushe.

Na je, maji yanatoka safi? Takwimu zilizokusanywa kutoka mashamba ya mifugo, nyingi za Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000 zilionyesha wastani wa kupunguza BOD kwa asilimia 65, chembe zinazoelea 53, amonia 48, nitrogeni yote 42 na fosforasi 42. Rudi kwangu: gramu 400 ndani ya lita 300 ni miligramu 1,333 kwa lita. Ondoa asilimia 65, unabaki na 467 hivi. Kiwango cha nchi ni 30. Bado niko juu zaidi ya mara 15.

Hapo ndipo wauza wazo wanaponyamaza. Bwawa moja la matete halikupi ruhusa ya kumwaga mtoni Lukuledi. Ukitaka kufika 30 unahitaji mabwawa mawili matatu ya kufuatana na eneo kubwa, na hata hivyo utahitaji kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kumbuka pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Mimi yangu hayaendi mtoni. Yanaishia kwenye migomba na majani ya tembo, na kwa kazi hiyo maji ya 467 ni bora sana kuliko ya 1,333: hayaunguzi, hayazibi mfereji, hayanuki hadi barazani kwa watu.

Mbu sijawasahau. Mbu wa malaria hapendi maji machafu, kwa hiyo anayeangaliwa ni ule mwisho wa bwawa, ambako maji yametakata. Huko ndiko nilikobakiza kile kitalu changu cha kokoto. Mbele maji ya wazi yenye uchafu, nyuma kokoto zilizokauka juu. Mbu wa majumbani, yule anayependa uchafu, bado wapo mbele, na kukata majani yaliyolala kila mwezi kunasaidia kiasi.

Nani achukue kipi

Ng'ombe wachache, maji ya ndoo, uwandani: beleshi na lundo lenye paa. Ng'ombe wawili au zaidi wa ndani na mkaa umekuelemea: beleshi, kisha mtambo wa gesi, uji wake shambani.

Kwa mwenye nguruwe, nilizunguka kwa mfugaji mmoja wa Masasi mwenye nguruwe wapatao 80. Maji yao ni makali, amonia ikizidi miligramu 200 hivi kwa lita mimea inaungua ncha, na matete yake ya mwanzo yalikuwa manjano kama mchele wa pilau. Yeye anahitaji bwawa la wazi kwanza, halafu matete. Kuingiza moja kwa moja ni kuua mimea.

Nachingwea, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, bwawa la maji ya juu linachimbwa bila nailoni na linashika. Huko matete ni chaguo la bei nafuu kuliko popote nilikopita. Mchangani na kwenye matumbawe lazima utandike, na nailoni ndiyo itakayokula bajeti. Ukikosa hela ya nailoni usichimbe, rudi kwenye beleshi.

Kuhusu kupanda: vipande vya mizizi ya matete vinapatikana bure mabondeni, chukua vyenye macho mawili matatu, panda vinne kwa kila mita ya mraba. Vikuze kwa maji safi miezi miwili kwanza, kisha changanya nusu kwa nusu, ndipo ufungulie yote. Tatizo la kwetu ni kwamba hela ya korosho inaingia wakati mvua nazo zinabisha hodi, na bwawa linatakiwa liwe limeshachimbwa Septemba. Chimba kwa nguvu zako kiangazi, acha nailoni na mabomba visubiri mnada wa korosho. Na zungushia uzio siku ileile unayopanda. Mimi nilisubiri kesho yake, mbuzi wa mtaani hawakusubiri.

Mama jirani bado ananiuliza kila masika kama nimekagua. Namwonyesha kiwiko, kimeinama, maji yanaelekea kwenye migomba, na kisima chake sasa tumekijengea kingo na mfuniko.